Sungura wa manyoya mafupi nyumbani: mwongozo kamili kwa anayeishi kwenye joto la Pwani

Kila Jumapili asubuhi, jua halijawa kali, namkalisha Kashata mapajani, mgongo wake umeegemea tumbo langu, nami namtazama nyayo. Si meno wala masikio. Nyayo kwanza. Kashata ni sungura aina ya Rex, rangi ya sukari iliyoungua, na ukimpapasa utadhani umeshika mahameli. Wageni wakimwona husema huyu raha tupu, hana manyoya ya kuchana. Ni kweli, mgongoni hana kazi. Kazi yake iko chini, asikotazama mtu.

Naishi Dar es Salaam, na nayaandika haya kwa anayetaka kufuga sungura mmoja au wawili wa kupendwa, si wa nyama. Majirani watakuuliza utamchinja lini. Jibu unalo wewe.

Kumchagua

Sungura wote wa kufugwa wametokana na sungura mwitu wa Ulaya, yule wa Hispania na Ureno. Sungura wa hadithi zetu, aliyemchezea shere fisi, ni kititi wa porini, mnyama mwingine kabisa. Huyu uliyemleta nyumbani hana ujanja wowote. Ni mwoga, na kwao joto likizidi hushuka shimoni kwenye ubaridi. Wewe umempa banda juu ya ardhi, kwa hiyo shimo lake ni kazi yako.

Wengi wanaouzwa barabarani na minadani ni machotara wa New Zealand Mweupe na California. Wana manyoya mafupi ya kawaida, kama sentimita 2 na nusu, na wakikua hufika kilo 4 au 5. New Zealand, licha ya jina lake, alizalishwa Marekani. Dutch, yule mwenye mkanda mweupe kifuani na usoni, ni mdogo, kilo 2 hadi 2 na nusu, na kwa nyumba ya mjini ndiye ningemshauri mtu anayeanza. Rex ni adimu kwetu. Alitokea Ufaransa mwaka 1919, watoto wa sungura wa kawaida wakazaliwa na manyoya ya ajabu: zile nywele ngumu ndefu za juu, ambazo kwa sungura wengine huufunika mwili kama koti, kwake zimekuwa fupi sawa na sufu ya chini. Ndiyo maana manyoya yake husimama kama zulia. Mini Rex, mdogo wake wa kilo 2 hivi, alitengenezwa Texas miaka ya 1980.

Angora wa manyoya marefu mwachie mtu wa Lushoto au Njombe. Kumfuga Mbagala mwezi wa Februari ni kumtesa.

Ukienda kununua, usimtazame uso tu, kila sungura ana uso mzuri. Mshike mguu wa mbele, ugeuze upande wa ndani. Manyoya ya hapo yakiwa yamegandamana na kukauka, huyo anafuta makamasi kwa mkono. Ana mafua hata kama muuzaji amemsafisha pua asubuhi hiyo. Mwinue mkia uone kama pamechafuka kinyesi laini. Fungua midomo kidogo utazame meno ya mbele: ya juu yakae mbele ya ya chini, yakutane vizuri. Yaliyopishana hayatajirekebisha, maana meno ya sungura hukua maisha yake yote, milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na yasiposagana hukua hadi yakamzuia kula. Mtoto wa chini ya wiki 8 usimchukue, hata ukipunguziwa bei.

Na hakikisha jinsia mwenyewe. Mimi niliuziwa "majike wawili, dada kabisa". Siku moja nikamkuta mmoja anajing'oa manyoya ya kifua na kuyapanga kwenye kona. Kesho yake asubuhi kulikuwa na vitoto saba, uchi, vyekundu kama vidole. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, na dume wa miezi 4 tayari anaweza kazi. Bonyeza taratibu juu ya sehemu ya siri: dume hutokeza kitu cha mviringo, jike hutokeza mfereji mrefu kama jani. Kabla ya wiki 10 hata wazoefu hukosea, kwa hiyo rudia kutazama kila wiki.

Sungura hapendi upweke, wawili ni bora kuliko mmoja. Ila madume wawili wasiohasiwa watapigana hadi wajeruhiane. Jozi nzuri ni dume aliyehasiwa na jike. Jike naye, daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa sungura akipatikana, atolewe kizazi, kwa sababu saratani ya mji wa mimba huwapata majike wengi wakishafika miaka 4 na kuendelea. Uliza mapema daktari ameshawafanyia sungura wangapi. Asiyewahi, asijifunzie kwa wako.

Banda

Kosa la kwanza la watu wa Pwani ni paa la bati. Saa 8 mchana chini ya bati tupu ni tanuri. Ezeka makuti, au kama bati lipo tayari, weka makuti juu yake, na banda lenyewe likae chini ya mwembe au upande wa nyumba usiopigwa na jua la jioni. Kuta mbili ziwe za wavu ili upepo upite, mbili za mbao ili apate pa kujificha mvua na macho ya watu.

Kwa sungura wawili wadogo, sehemu ya kulala isipungue sentimita 150 kwa 60, na kimo kimruhusu kusimama kwa miguu ya nyuma bila kugonga masikio. Hiyo ni ya kulala tu. Kila siku wapate uwanja wa kukimbia, mita 3 kwa 2 ikiwezekana, asubuhi na jioni, ambapo ndipo wanapochangamka. Sungura wa kwenye kizimba cha kuku saa 24 hunenepa na kuota vidonda vya miguu.

Banda liinuliwe mita moja toka chini. Miguu yake isimamishwe kwenye makopo yenye maji au oili chafu, kwa ajili ya siafu. Siafu wakiingia usiku, asubuhi hukuti sungura. Wavu uwe wa tundu la nusu inchi, ule mafundi wanaouita kofitrei, si wavu wa kuku. Wavu wa kuku panya anapita, nyoka anapita, na nguchiro anautanua kwa meno. Juu pafunikwe pia: kunguru wa Dar humdonoa mtoto wa sungura mchana kweupe.

Sakafu ndiyo inayomuua Rex polepole. Wafugaji wa nyama hutumia sakafu ya wavu kwa sababu kinyesi kinadondoka chenyewe. Nyayo za sungura hazina soli kama za paka, kinga yake ni manyoya tu, na Rex manyoya ya nyayoni ni haba. Ukiwa na sakafu ya wavu, funika angalau theluthi mbili kwa ubao laini, na juu ya ubao weka kipande cha mkeka wa ukindu usiotiwa rangi. Ataulamba, ataukwangua, ataula kidogo. Hauna madhara. Ukilowa, utoe, uanike, weka mwingine. Mimi nina vipande vinne vinavyozunguka.

Kuhusu choo, mwangalie siku mbili: atachagua kona moja. Weka hapo beseni pana lenye magazeti na majani makavu juu yake, na majani ya kutafuna jirani kabisa, kwa kuwa sungura hupenda kula huku anajisaidia. Maranda ya msonobari usiweke, harufu yake ya utomvu si nzuri kwa mapafu na ini. Beseni lisafishwe kila siku. Mkojo ukikaa, ile harufu kali inayokuchoma macho wewe, yeye inamchoma pua siku nzima. Na usishtuke ukiuona mkojo mwekundu au wa chungwa, mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula. Ukiona damu yenyewe, matone au mabonge, hilo ni jambo jingine.

Chakula

Karoti si chakula cha sungura. Ni pipi yake. Chakula chake ni majani makavu, yale wafugaji wanayoyaita hei, na yawe sehemu nane kati ya kumi za anachokula, mbele yake usiku na mchana. Husaga meno nayo, na tumbo lake haliendi bila nyuzinyuzi zake. Tumbo la sungura halitapiki. Kinachoingia lazima kitoke nyuma, na kikisimama njiani, mnyama yuko hatarini.

Nyasi aina ya Boma Rhodes ni nzuri ukiipata kwa wauza malisho ya ng'ombe. Usipoipata, kausha mwenyewe. Kata ukoka au nyasi nyingine laini kabla hazijatoa maua, mahali pasipopigwa dawa wala kupita mbwa. Tandaza turubai kivulini penye upepo, geuza mara mbili kwa siku. Siku ya tatu chukua bua moja ulikunje: likipinda kimyakimya, bado lina maji. Likivunjika na kutoa mlio, weka kwenye gunia la katani, si la plastiki. Majani yaliyokauka vizuri yana harufu tamu na ukijani umebaki. Yenye vumbi jeupe au harufu ya chumba kilichofungwa yana kuvu, tupa yote, usichambue.

Majani mabichi mpe konzi moja asubuhi na moja jioni, ya aina mbili tatu mchanganyiko. Yachume mapema yanyauke kidogo. Mchunga wanaugombania. Mashona nguo machanga, majani ya matembele, giligilani, majani ya karoti (bora kuliko karoti yenyewe), ukoka mbichi. Sukuma wiki na mchicha viwe vya zamu, si vya kila siku. Kabichi kidogo sana, humjaza gesi.

Vya kuepuka kabisa: majani ya parachichi, ya nyanya na ya viazi mviringo, kisamvu kibichi, mbarika, mnyaa, na maua ya bustani usiyoyajua. Kuna moja ambalo watu huliona salama kwa sababu mbuzi wanalipenda: lusina. Ina kemikali iitwayo mimosini, na sungura akiizoea hunyonyoka manyoya. Mtu anahangaika na dawa za upele kumbe mti uko uani.

Peleti za sungura, yaani chakula cha dukani cha punje, si lazima kwa mkubwa mwenye hei nzuri. Ukimpa, kwa mnyama wa kilo 2 vijiko viwili vya chakula kwa siku vinatosha. Pumba za mahindi, mkate na ugali mkavu vina wanga mwingi, huvuruga bakteria wa tumboni. Chakula cha kuku usithubutu. Baadhi kina dawa za kuzuia koksidia, vijidudu vya utumboni, ambazo zinamfaa kuku lakini ni sumu kwa sungura.

Maji yawe kwenye bakuli zito la udongo. Udongo hupoza, na sungura hunywa zaidi akiinamia bakuli kuliko akinyonya chupa. Kwa kila kilo ya uzito hunywa mililita 50 hadi 150 kwa siku, na Pwani hesabu ya juu ndiyo yako.

Utamkuta alfajiri anainama na kula kitu kutoka nyuma yake. Mwache. Sungura ana kinyesi cha aina mbili: punje ngumu kama njegere kavu, na vishada laini vinavyong'aa, ambavyo huvila ili avipitishe tumboni mara ya pili. Bila hivyo hukosa vitamini. Ukivikuta vimesalia vimegandamana sakafuni kila asubuhi, punguza peleti na matunda, ongeza majani makavu.

Joto

Sungura hujisikia vizuri kati ya nyuzi 15 na 21 hivi. Zikifika 27 anaanza kuhangaika, na zikipita 30 anaweza kufa mchana mmoja. Dar kuanzia Desemba hadi Machi nyuzi 32 ni siku ya kawaida, na unyevu juu yake. Hatoi jasho la maana, joto hulitolea masikioni. Manyoya mafupi yanasaidia lakini hayatoshi.

Ninachofanya miezi hiyo: jioni naweka chupa mbili za maji za lita moja na nusu kwenye friza. Saa 5 asubuhi nazifunga kitambaa kimoja kimoja na kuzilaza bandani. Kashata huja kujinyoosha kando ya chupa kabla sijafunga mlango. Naweka pia kigae cha sakafu kilicholoweshwa. Umeme ukikatika usiku na barafu hakuna, nalowesha gunia, nalining'iniza upande wa upepo, nalilowesha tena kila saa. Na huwa nawaingiza ndani sebuleni siku zisizo na upepo kabisa, nyaya za umeme zikiwa zimeinuliwa, kwani waya kwao ni mzizi tu wa kutafunwa.

Dalili za kuzidiwa ni masikio mekundu yenye moto, kupumua haraka huku mdomo wazi, mate kidevuni, kulala kama kitambaa kilichotupwa. Mpeleke kivulini, mpanguse masikio na nyayo kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na usimzamishe. Kisha daktari, hata akionekana amepata nafuu.

Manyoya na nyayo

Kumwogesha hapana. Hujisafisha mwenyewe kama paka, na akilowa mwili mzima anaweza kupata mshtuko. Akichafuka nyuma, osha hapo tu kwa maji vuguvugu na umkaushe kabisa, maana nzi hutaga kwenye manyoya machafu yenye unyevu na mabuu huanza kumla akiwa hai. Hili hutokea ndani ya siku moja. Kagua chini ya mkia kila jioni, mvua za masika hasa.

Sungura wa manyoya mafupi ya kawaida mchane mara moja kwa wiki kwa brashi laini ya mpira. Akiwa anapukutisha, kila siku, kwani anayoyalamba humezwa na hayatapikwi. Rex usimchane kwa brashi ngumu, unamvunja manyoya na hayasimami tena hadi yaote mapya. Lowesha kiganja, kikung'ute, mpapase kuanzia kichwani hadi mkiani. Nywele zilizokufa zitabaki mkononi.

Sasa nyayo. Tenganisha manyoya ya kisigino kwa kidole gumba. Alama ndogo isiyo na manyoya, rangi ya waridi iliyopauka, ukubwa wa punje ya dengu, kwa Rex ni ya kawaida, ipime tu kwa macho kila wiki. Ikiwa nyekundu inayong'aa, badilisha sakafu siku hiyohiyo: ubao, mkeka, majani mengi makavu, hakuna unyevu. Ngozi ikipasuka au kutoa usaha, usichelewe kumpeleka, kwa sababu chini ya ngozi hiyo hakuna nyama ya kuzuia, ni mfupa. Unene huongeza tatizo, na kucha ndefu pia, kwani humsukuma kukalia visigino. Kata kucha kila wiki 4 hadi 6. Kucha nyeusi imulike kwa tochi ya simu toka chini uone mshipa unaishia wapi, kata mbele yake.

Kumshika: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ubebe matako yote, umkumbatie. Kamwe si kwa masikio. Akirusha teke hewani bila kuegemezwa anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Watoto wadogo wakae chini sakafuni, sungura awaendee.

Akiugua

Sungura huficha ugonjwa hadi mwisho, ndiyo maana mzani wa jikoni ni rafiki yako kuliko macho. Mpime kila Jumapili, andika. Uzito hushuka kabla hujaona lolote.

Jambo la dharura namba moja ni kuacha kula. Saa 12 bila kula wala kunya, amejikunja kona, anasaga meno: tumbo limesimama. Usisubiri kesho.

Ukoko wa kahawia ndani ya sikio, kama unga ulioganda, ni utitiri. Usiubandue, chini yake ni kidonda kibichi. Na usimpake oili chafu ya gari, dawa ya mtaani ambayo ataishia kuilamba. Daktari humchoma aivamektini kwa uzito wake na kurudia baada ya wiki mbili hivi. Ukurutu mweupe puani na vidoleni ni utitiri wa aina nyingine, tiba inafanana, ila banda nalo lisuguliwe na kuanikwa juani. Baka la mviringo lisilo na manyoya huenda ni choa, na choa inahamia kwa watoto wako, kwa hiyo nawa.

Watoto wa sungura wenye tumbo kubwa na kuhara, fikiria koksidia kwanza. Inatibika ikiwahiwa.

Mambo mawili ya kumwambia hata muuza dawa anayejiamini: amoksilini na penisilini za kumeza huua bakteria wema wa tumbo la sungura, kisha humuua yeye mwenyewe, na matone ya viroboto ya mbwa yenye fipronili ni sumu kwake. Anayekuambia "mpe nusu tu", mshukuru na uondoke.

Kwa safari tumia tenga dogo au boksi lenye matundu, taulo chini, majani makavu humo humo ili aendelee kutafuna, na uondoke alfajiri kabla foleni hazijaanza. Sungura wawili wanaopendana safirisha wote, hata kama mgonjwa ni mmoja. Akirudi peke yake ananuka hospitali, mwenzake hamtambui, wanaanza kupigana upya. Mimi nilijifunza hilo saa 2 usiku, nikiwa nimevaa glavu za kufulia, Kashata mkono huu na mwenzake Tui mkono ule.